Namna ya Kumtumia Mwenzako Nyimbo za Kupumzikia Wikendi: Mwongozo Kamili

Ijumaa moja nilimtumia dada yangu nyimbo 140. Nilikuwa nimezikusanya wiki nzima, kila niliyoipenda nikaitia humo, na nilipobonyeza kutuma nilijiona nimempa zawadi kubwa. Jumatatu nikampigia simu. "Mdogo wangu," akaniambia, "nilisikiliza tatu za mwanzo, ya nne ikanishtua, nikazima nikalala." Ya nne ni wimbo ninaouhusudu mimi, wa matarumbeta, unaoanza kwa kishindo. Yeye alikuwa ametoka zamu ya usiku na alichohitaji ni nusu saa ya utulivu kabla ya usingizi. Sikuwa nimemuuliza.

Tangu hapo nimebadili namna ninavyotuma nyimbo, na hatua ninazoandika hapa ndizo ninazozifuata mpaka leo. Zote zinatoka kwenye jambo moja: orodha ya kupumzikia inatengenezwa kwa ajili ya mtu fulani na saa fulani. Ukishamjua mtu na ukaijua saa, kazi kubwa inayobaki ni kupunguza.

Hatua ya 1: Uliza saa kabla hujachagua wimbo

Wikendi ni ndefu na ina hali nyingi ndani yake. Ijumaa jioni mwili umechoka lakini kichwa bado kinakwenda mbio. Jumamosi asubuhi mtu anaamka taratibu, na pengine ana nguo za kufua na nyumba ya kufagia. Jumapili alasiri ni ya kujinyoosha. Jumapili usiku, kwa wengi wetu, Jumatatu imeshaanza kubisha hodi. Wimbo unaomfaa anayefua haumfai aliyejilaza, hata kama ni mtu yuleyule na ni siku ileile.

Kwa hiyo muulize, kwa maneno ya kawaida tu: utasikiliza saa ngapi, utakuwa na nani, na utasikilizia nini? Swali hilo la tatu watu hulipuuza, nalo lina uzito. Spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa sauti nzito za chini. Wimbo unaobebwa na besi, ukipigwa kwenye simu iliyolazwa mezani, unabaki mifupa mitupu. Mwenzako akikwambia atasikilizia simu, mpe gitaa, kinanda, filimbi na sauti za watu. Akisema ana spika nzuri au atavaa za masikioni, hapo besi iingie.

Kama unawatumia watu wengi kwa mara moja, chagua saa wewe mwenyewe, kisha uwaambie. "Hizi ni za Jumapili baada ya saa kumi" ni maneno machache yanayomwonyesha msikilizaji mlango wa kuingilia.

Hatua ya 2: Kusanya kwa wingi

Sasa toa kila kilichomo, bila kuhukumu. Anzia kwenye historia ya programu unayosikilizia. Spotify na YouTube huhifadhi ulichokisikiliza, na humo utakuta nyimbo ulizozirudia mara nyingi bila wewe mwenyewe kujua. Ukitegemea kumbukumbu peke yake, itakuletea nyimbo za heshima, zile unazotaka watu wajue kwamba unazisikiliza. Historia inasema ukweli: ule wimbo uliouweka mara sita Jumapili iliyopita ukiwa peke yako ndio kipenzi chako.

Kuna na ule unaojikuta ukiupiga mluzi mikono ikiwa kazini. Uandike palepale, maana ukisema nitaukumbuka, hutaukumbuka. Kazi hii igawe kwa siku mbili au tatu, kwa sababu siku ya kwanza kichwa hujaa nyimbo za jana tu. Zikifika 30 au 40, acha.

Hatua ya 3: Chuja

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi.

Anza na mwendo. Cheza wimbo, gonga meza kwa kidole ukifuata mapigo yake, hesabu kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Umepata mapigo kwa dakika. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na mimi naona nyimbo za mapigo 60 hadi 80 ndizo zinazokaa vizuri na mtu aliyejilaza. Kwa Jumamosi ya usafi napandisha hadi 95 au 110, kiasi cha kuusogeza mkono bila kuuharakisha. Lakini nambari hii ina mtego. Wimbo mmoja unaweza kuhesabiwa 70 au 140, kutegemea kidole chako kimefuata ngoma kubwa au kimefuata kayamba linalochakarika katikati. Kwa hiyo ukishahesabu, funga macho usikilize tena na uangalie mwili wako. Mguu unatikisika, au mabega yanashuka? Mabega yakishuka, wimbo umepita.

Kisha tafuta mishtuko. Wimbo unaweza kuwa mpole dakika tatu, halafu ngoma zikaingia ghafla kama mtu aliyepiga teke mlango. Rumba ya Kongo inafundisha jambo hili vizuri. Mwanzoni waimbaji wanabembeleza, magitaa yananong'onezana, kisha inaingia sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi ya kuchezea, na hakuna anayebaki amekaa. Naipenda rumba kuliko muziki mwingine wowote, na kwa sababu hiyo nimejifunza kuangalia sebene inaanzia dakika ya ngapi. Kwa saa ya kulala nachukua zile ambazo sebene yake ni fupi au haipo kabisa. Sebene ndefu naipeleka Jumamosi asubuhi, mahali pake. Taarabu nayo uipime kwa urefu: wimbo mmoja unaweza kuvuka dakika 10 na kukalia nafasi ya nyimbo tatu. Siyo kosa kuuweka. Uuweke tu ukiwa umeshatenga nafasi.

Sikiliza pia mwimbaji yuko umbali gani na wewe. Kuna anayeimba kama yuko jukwaani mbele ya umati, na kuna anayeimba kama ameketi kando ya kitanda. Bosanova, iliyozaliwa Brazil mwishoni mwa miaka ya 1950, iliujenga uzuri wake juu ya sauti hiyo ya pili: mwimbaji karibu na maikrofoni, hapandishi, hang'ang'anii, gitaa moja linamsindikiza. Morna, muziki wa visiwa vya Cabo Verde, ina huzuni laini inayotuliza kwa njia ambayo siwezi kuieleza vizuri, ila mtu akiisikia anaelewa. Na ukitaka ala peke yake, kora ya Afrika Magharibi, yenye nyuzi 21, inamwagika kama maji juu ya mawe. Ninazitaja hizi kwa sababu watu wengi wakisikia "nyimbo za kutuliza" wanakimbilia kinanda cha polepole peke yake, na baada ya robo saa kila kitu kinafanana.

Maneno ya wimbo nayo yana kazi yake. Wimbo tunaoujua kwa moyo hutufanya tuimbe, na anayeimba amechangamka, hajapumzika. Kwa kufua na kupanga nyumba, huo ndio wa kuweka. Kwa kulala, lugha usiyoielewa inasaidia sana: sauti ya mtu inakuwa ala nyingine, unaipokea bila kuifuata neno kwa neno. Mimi huweka nyimbo mbili zenye maneno, kisha kipande kimoja cha ala tupu, ili sikio lipate kupumua.

Mwisho wa uchujaji ni swali unaloweza kulijibu wewe peke yako, kwa kuwa unamjua mwenzako: wimbo huu una kidonda kwake? Kuna wimbo uliopigwa sana nyumbani kwetu wiki tulipofiwa na baba. Ni mzuri, ni mtulivu, una mapigo 68. Siwezi kumtumia dada yangu, na hata mtu mwingine akiuweka mbele yetu tunatazamana. Kama hujui, na una shaka, uache. Nyimbo hazijaisha duniani.

Kutoka 35 unatakiwa ubaki na 12 hivi. Zile zinazokuuma kuziacha, fungua orodha nyingine uzihifadhi humo. Wikendi nyingine inakuja.

Hatua ya 4: Pima urefu

Kwa nini 12? Kipimo changu nimekitoa kwenye kaseti. Kampuni ya Philips ilizitoa kaseti mwaka 1963, na ile iliyopendwa sana kunakilia nyimbo ilikuwa ya dakika 90, yaani 45 kila upande. Aliyetaka kumtengenezea rafiki yake kaseti alikaa na karatasi na kalamu akijumlisha dakika, kwa sababu asipojumlisha, utepe uliisha katikati ya ubeti wa mwisho. Kabla ya hapo santuri ndefu, iliyoanza kuuzwa na Columbia mwaka 1948, ilibeba dakika 20 na ushei kila upande, kisha lazima mtu anyanyuke aigeuze. Vipimo hivyo viliwekwa na plastiki na sumaku, lakini viliwafundisha watu kuchagua. Orodha za leo hazina mwisho, na msikilizaji aliyechoka akiona saa nne na dakika 12 zimeandikwa juu ya orodha, anaahirisha mpaka siku ambayo haitafika.

Dakika 45 ni muda mtu anaoweza kukupa bila kujilazimisha. Ni nyimbo 11 au 12 za dakika nne. Kwa mtu anayesikiliza akitafuta usingizi, shuka hadi dakika 25 au 30. Kwa kazi za nyumbani unaweza kufika saa moja na nusu, na hapo igawe pande mbili, kama kaseti.

Hatua ya 5: Panga

Nyimbo zilezile 12 zikipangwa vibaya zinachosha. Zikipangwa vizuri, msikilizaji hata hajui kwamba kuna mtu alipanga.

Wimbo wa kwanza usiwe ule unaoupenda kuliko wote. Huyu mtu bado anaweka simu chini, anavua viatu, anatafuta mto. Mpe wimbo wa kumkaribisha, wenye utangulizi wa ala wa sekunde 20 au 30 kabla mtu hajaimba, ili sauti ya kwanza ya binadamu imkute ameshakaa. Kipenzi chako kiweke cha tatu au cha nne, masikio yakiwa yamefunguka. Katikati, kwenye wa sita au wa saba, inua kidogo: wimbo wenye mwanga zaidi, mapigo yameongezeka kumi hivi, labda sauti ya kike baada ya za kiume. Ukinyoosha mstari mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, mtu anaacha kusikia. Kisha anza kushusha. Wimbo wa mwisho uwe na ala chache kuliko zote zilizotangulia, na nauchagua miongoni mwa zile zinazofifia taratibu badala ya zinazokatika.

Sasa viungio. Kwa kila jozi, cheza sekunde 20 za mwisho za wimbo unaotoka na sekunde 20 za kwanza za unaoingia. Fanya hivyo kwa jozi zote 11. Ni kazi ya dakika saba au nane tu, na hakuna hatua inayobadilisha orodha kuliko hii.

Nikuonyeshe kwa mfano. Hivi karibuni nilikuwa na wimbo wa kinanda ambao nota yake ya mwisho inaning'inia karibu sekunde nane kabla ya kunyamaza. Baada yake nilikuwa nimeweka wimbo wa rege, mpole kabisa, lakini unafunguliwa kwa mapigo makavu ya ngoma: ta-ta-tak! Kila mmoja peke yake ni mtulivu. Zikikutana, ni kama mtu aliyewasha taa chumbani kwa mtu aliyesinzia. Nikajaribu kuweka katikati yao wimbo wa gitaa moja unaoanza na vidole vikiteleza juu ya nyuzi, ile sauti ya kukwaruza inayosikika kabla ya nota yenyewe. Nota ya kinanda ikafifia, kukawa na kimya cha sekunde moja, vidole vikakwaruza, gitaa likaingia. Na wimbo huo wa gitaa unapokwisha umeshachangamka kidogo, kwa hiyo ngoma za rege zikaja kama jibu. Kuhamisha wimbo mmoja tu kukaokoa nyimbo tatu.

Zipo na swichi chache za kuangalia, nawe umwambie mwenzako aziangalie kwake pia. Ya kwanza ni ile ya kuchanganya nyimbo bila mpangilio, ambayo kwa watu wengi iko wazi muda wote. Ikibaki wazi, kazi yako yote ya viungio imepotea. Ya pili ni ya kuendelea kucheza orodha ikiisha. Programu nyingi, nyimbo zako zikimalizika, huanza kuchagua zake zenyewe, na wimbo wako wa mwisho uliofifia vizuri unafuatwa na kitu usichokijua. Izimwe. Ya tatu ni ya kusawazisha kiwango cha sauti, ili wimbo uliorekodiwa kwa nguvu usiuruke ule uliorekodiwa kwa upole: hii iwashwe. Ya nne ni ya kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, ambayo kwenye Spotify inaweza kufika sekunde 12. Kwa nyimbo za kuchezea ni nzuri. Kwa za kupumzikia naizima, kwa sababu inakula ule ukimya mfupi kati ya nyimbo mbili, na ukimya huo ni sehemu ya pumziko.

Hatua ya 6: Isikilize yote wewe mwenyewe

Mara moja, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, saa ileile uliyomkusudia mwenzako. Kama ni orodha ya Jumapili usiku, isikilize usiku, taa ikiwa chini. Wimbo unaopendeza saa nne asubuhi unaweza kuwa na kelele saa nne usiku. Ukijikuta umenyoosha mkono kuruka wimbo, utoe. Usijadiliane nao.

Hatua ya 7: Andika neno kwa kila wimbo

Wengi wanaishia kwenye kutuma kiungo. Mimi naamini nusu ya zawadi iko kwenye maneno yanayokifuata.

"Huu mkali sana, usikilize" hakumwambii mtu chochote, maana kila mtu husema hivyo kuhusu kila wimbo. Mpe kitu cha kukitafuta ndani ya wimbo. Kwa mfano: "Dakika ya pili inaingia filimbi, inapiga mara moja tu, haitarudi tena." Au: "Sikiliza mpiga besi, ananyamaza kabisa kwenye ubeti wa mwisho." Au sema ulikuwa wapi: "Huu niliusikia ndani ya basi, usiku, mvua inanyesha, abiria wote wamelala isipokuwa mimi na dereva." Mstari mmoja unatosha. Usimweleze namna anavyopaswa kujisikia. Ukimwandikia "utalia", unamnyima nafasi ya kulia mwenyewe.

Kama kuandika si kazi yako, rekodi ujumbe wa sauti wa sekunde 20 au 30 kwa orodha nzima. Sauti ya mtu unayempenda ikikukaribisha kwenye nyimbo zake ni utangulizi ambao hakuna programu inayoweza kuutengeneza.

Ipe orodha jina pia. "Nyimbo nzuri 3" litapotea kati ya orodha nyingine. "Jumapili, dirisha wazi" litafunguliwa.

Hatua ya 8: Tuma kwa njia inayomfikia

Kwanza jua mwenzako anasikilizia wapi. Orodha yako ya Apple Music haimsaidii mtu mwenye YouTube tu kwenye simu yake. Kwa kundi lenye watu mchanganyiko, mimi hutuma kiungo, na chini yake naandika majina yote ya nyimbo na ya waimbaji kwa mpangilio. Asiyeweza kufungua kiungo atatafuta mwenyewe, na majina hayo yatabaki hata siku kiungo kitakapokufa, maana viungo hufa na nyimbo huondolewa.

Pili, angalia faragha. Orodha ya YouTube inaweza kuwa ya hadharani, isiyoorodheshwa, au ya faragha. Ukiituma ikiwa ya faragha, mwenzako atafungua asione kitu, na wengi wanaona haya kukwambia. Isiyoorodheshwa inatosha: anaiona mwenye kiungo, haijitokezi kwenye utafutaji. Kabla ya kutuma kwa kundi, jitumie kwanza kwa akaunti nyingine, au muombe mtu mmoja ajaribu.

Tatu, fikiria bando lake. Sauti ya kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo dakika zako 45 ni kama MB 43. Kiwango cha juu cha kilobiti 320 kinakula MB 2.4 kwa dakika, yaani MB 108 kwa orodha ileile. Video inakula zaidi ya hapo, na mtu aliyelala macho yamefungwa haihitaji. Mwambie ukubwa mapema, na kama programu yake inaruhusu, azipakue akiwa kwenye Wi-Fi kabla wikendi haijaanza. Faida nyingine ya kupakua ni kwamba anaweza kuzima intaneti, na ujumbe wa kazini usimkute humo.

Kuhusu kutuma mafaili yenyewe: kama ni rekodi yako, au ya mtu aliyekupa ruhusa, yatume. Kwenye WhatsApp, ukiyatuma kama hati, faili linafika kama lilivyo. Kwa nyimbo za wengine tuma kiungo. Sheria za hakimiliki ndivyo zinavyotaka, lakini kwangu sababu ya kwanza ni mwanamuziki mwenyewe. Spotify huhesabu usikilizaji wimbo ukipita sekunde 30, na malipo yake yanatokana na hesabu hizo. Ukituma faili lililonakiliwa, wimbo umesikilizwa na watu 50 na aliyeutunga hakuhesabiwa hata mara moja. Kama ni msanii mdogo anayejirekodi mwenyewe, hizo 50 ana haja nazo.

Mkisikiliza pamoja

Wakati mwingine zawadi ni kukaa chumba kimoja. Hapo kanuni yangu ni moja: kila mtu alete nyimbo tatu, kwa zamu, na wimbo wa mtu usikatwe katikati. Kama kila mmoja yuko kwake, Spotify, Apple Music na YouTube zinaruhusu orodha ya pamoja ambayo kila mwalikwa anaongeza zake. Wekeni kikomo cha nyimbo kwa kila mtu tangu mwanzo, la sivyo mmoja ataleta 60 na wengine watanyamaza.

Kiwango cha sauti kisiwazuie kuongea kwa sauti ya kawaida. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na muda huo unashuka haraka sauti inapopanda: kwa desibeli 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75. Baadhi ya simu zina kipimo cha jambo hili kwenye mipangilio ya sauti, hasa kwa wanaovaa za masikioni. Kwa anayelala na muziki, aweke kizimio cha muda, dakika 30 au 45, ili sauti isiendelee usiku kucha.

Hatua ya mwisho: Kupokea

Anayetuma nyimbo anasubiri, hata akisema hasubiri. Ukipokea orodha ya mtu, isikilize kwa mpangilio wake, mara moja angalau, kisha mwandikie kuhusu wimbo mmoja tu. Usiandike "asante, nimezipenda zote." Mwambie ni upi ulioucheza tena, na wapi ndani yake. Na kama hakuna uliokugusa, mwambie ule uliokuwa karibu kukugusa na kilichokuzuia: ulikuwa mrefu, sauti ilikuwa kali, saa haikufaa. Hiyo itamsaidia kukujua kuliko sifa kumi.

Wewe uliyetuma, usimfuate Jumamosi usiku kumuuliza kama ameshasikiliza. Ngoja Jumatatu au Jumanne, umuulize swali moja: uliishia wimbo wa ngapi? Jibu lake, liwe la nne au la kumi na mbili, liandike kando ya orodha pamoja na tarehe. Mimi nina daftari la hivyo. Nikilifungua naona dada yangu hapendi matarumbeta kabla ya saa sita mchana, anapenda sauti za wazee, na wimbo wowote wenye kora anaucheza mara mbili.

Orodha niliyomtengenezea baada ya ile ya 140 ilikuwa na nyimbo saba, dakika 28, kwa ajili ya asubuhi anapotoka zamu. Ya kwanza ilikuwa ya kora, bila mwimbaji. Alinijibu siku hiyohiyo jioni: "Nimeamka saa nane mchana, simu bado iko kifuani. Sikuifikia ya tano." Wiki iliyofuata akanitumia wimbo mmoja, na chini yake mstari mmoja: "Subiri wanapoanza kupiga makofi."

Nilisubiri. Makofi yanaanza dakika ya tatu na sekunde arobaini.